Boila Iliyorudi Butiama

Leodgar aliposikia kwamba pale Iringo, mjini Musoma, nyuma ya maduka, kuna fundi wa karabai anayejenga garimoshi, alicheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa ameendesha magarimoshi ya mvuke kwa miaka ishirini na mitatu, kati ya Tabora na Mwanza, na alijua vyema kwamba mkoa mzima wa Mara hauna hata hatua moja ya reli. Kijijini kwao Suguti watu walimsikiliza akisimulia kazi yake kama wanavyosikiliza habari za mwezini: kwa heshima, na bila kuamini sana. Leo hii mtu wa kuziba karabai ndiye awaonyeshe garimoshi? Akavaa kofia yake ya kazi, ile nyeusi yenye ukingo uliopauka, akadandia lori lililokuwa likipeleka dagaa Musoma, akaenda kucheka kwa karibu.

Ulikuwa mwaka wa 1987. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, na sukari, na betri za redio, vyote vikiingia kwa njia ya mpakani Sirari, na watu walikuwa bado wananunua kwa pupa kana kwamba kesho vitatoweka tena. Mbele ya kibanda cha Hamduni, fundi mwenyewe wa garimoshi, zilining'inia karabai saba zikisubiri kutengenezwa. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, kofia ya kufuma kichwani, miwani imefungwa kwa waya wa shaba.

"Wewe ndiye mwenye treni?" Leodgar aliuliza, hata salamu hazijaisha.

"Ninayo moja kubwa na mbili ndogo," Hamduni akajibu. "Karibu, mzee. Kiti hicho kina mguu mbovu, kaa upande wa kushoto."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuona mwanasesere."

"Basi njoo umwone."

Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja kubwa. Rafuni palikaa magarimoshi mawili madogo, yenye urefu wa mkono, moja lililoachwa nusu na padri aliyerudi kwao, jingine la fundi cherehani wa Kihindi aliyehama mji. Hamduni aliyakuta hayana hili wala lile, akayamalizia. Lakini katikati ya chumba, juu ya meza ya mbao nene, kulikuwa na kitu kirefu kama kitanda cha mtoto, kimefunikwa kanga kuukuu. Hamduni akaivuta kanga.

Leodgar, aliyekuwa ameshaandaa maneno ya kejeli, akasogea karibu.

Garimoshi halikuwa limepakwa rangi bado. Lilikuwa chuma kitupu na shaba tupu, na kwa sababu hiyo kila kiungo chake kilionekana. Magurudumu makubwa manne kila upande, meusi, yameunganishwa kwa vyuma vilivyong'arishwa mpaka unaona uso wako. Silinda mbili mbele, zimeinama kidogo kama zile zenyewe. Bomba la moshi, kuba la mvuke, kibanda cha dereva chenye dirisha linalofunguka. Kati ya gurudumu la kushoto na la kulia zilikuwa inchi tano. Lilikuwa na uzito, Hamduni alisema, wa mifuko miwili ya saruji, na likipata reli lingeweza kuvuta watu wazima wanne.

Leodgar akapiga magoti. Alivua kofia, akaingiza kichwa chini ya meza alikokuwa ameona pengo la kuchungulia tumbo la mashine, akatafuta kosa. Mtu aliyekuja kucheka lazima apate pa kuanzia. Alikagua springi, moja moja. Alikagua vyuma vinavyogeuza mwendo mbele na nyuma, ambavyo hata mafundi wa karakana kubwa walikuwa wakivikosea, akavisukuma kwa kidole, navyo vikateleza bila kugugumiza. Aligundua kwamba vishikio vya pembeni ni spoki za baiskeli. Mikanda ya kufungia boila ilikuwa bati la biskuti, kwa ndani jina la kiwanda bado linasomeka. Pampu ya maji, ile ya kusukuma kwa mkono, ilizaliwa ndani ya karabai. Na ripiti, ile misumari midogo ya kushikanisha mabati, zilikuwa mia nne na kitu, zote zimepangwa kwa mstari ulionyooka kama mshono wa cherehani.

Alipotoa kichwa, magoti yalikuwa yamekufa ganzi.

"Nani alikufundisha?" akauliza. Sauti ilikuwa nyingine.

"Nusu amenifundisha marehemu Bernado," Hamduni akasema, "na sikuwahi kumwona."

Akamsimulia. Bernado alikuwa fundi mitambo wa kinu cha pamba Bunda, mzaliwa wa huko huko pwani ya ziwa anakotoka Leodgar. Mhandisi mmoja mgeni alimwachia michoro, naye akaanza kuliunda garimoshi hilo mwaka 1959, jioni baada ya kazi, akimimina chuma mwenyewe. Alifariki mwaka 1974 kabla hajamaliza. Basi watoto wake wanne walipokaa kugawana mali, waligawana ng'ombe, wakagawana mashamba, kisha wakalitazama garimoshi. Hakuna aliyetaka mwenzake apate lote. Wakaligawa kama wanavyogawa nyama: huyu paja, huyu mbavu, kila mtu na fungu lake, na hakuna aliyelalamika.

"Mkubwa alichukua magurudumu," Hamduni alisema, "akayafanya nanga za nyavu. Masatu alichukua fremu, akatengenezea mkokoteni. Dorkas alichukua silinda na vyuma vyake. Siku moja ya mwaka sabini na nane akaniletea silinda moja nimyeyushie, apate bomba la maji. Nikatazama ndani, nikaona njia za mvuke zilivyochongwa. Nikamwambia, mama, hii siyeyushi. Niambie nyingine iko wapi."

"Ukazifuata zote."

"Miaka tisa. Magurudumu mawili niliyapigia mbizi ziwani mwenyewe, na kuogelea sijui."

Leodgar akacheka, lakini kicheko hiki hakikuwa kile alichokuja nacho. "Na boila?"

Hapo mkewe Hamduni, Mwanaupe, aliyekuwa akiingiza chai, akadakia. "Usimuulize habari ya boila, baba. Muulize mimi nililala wapi wiki ile."

Boila ilikuwa fungu la Boke, kitinda mimba, aliyeolewa Butiama. Lilikuwa pipa zuri la shaba nyekundu, na ndani lilikuwa na mabomba membamba kumi na manane. Boke alilitazama, akaona mara moja linafaa nini. Kwa miaka kumi na miwili alipikia gongo. Katika miaka ile ya dhiki, bia ilipokuwa ikionekana kwa barua ya mkubwa, boila ya Bernado ilinywesha nusu ya Butiama. Hamduni, mtu wa swala tano, alikwenda mara sita kukaa kwenye kigoda katikati ya walevi, kuibembeleza. Mara sita Boke alimjibu vilevile: "Fundi, hiki chombo kinanilishaga. Wewe kitakulisha nini?" Bia iliporudi kwenye mabaa na wateja wakaanza kuringa, mara ya saba Boke akakubali. Aliweka sharti moja. Siku ya kwanza ya kutembea, litembee kwake Butiama, aone alichokuwa anapikia.

"Ilinuka kama harusi ya walevi," Mwanaupe alisema. "Nikamwambia, Baba Kudura, ama kipipa hicho ama mimi. Akaikosha siku saba kwa ukwaju na ndimu. Mimi nikalala kwa dada yangu."

"Na ulirudi," Hamduni akasema.

"Nilirudi kuangalia kama imetakata."

Leodgar alikuwa tayari ameinama mbele ya mlango wa tanuri, ukubwa wa pakiti ya sigara. Akawasha kiberiti, akachungulia juu. Alikaa hivyo mpaka kiberiti kikamuunguza.

"Hapa juu ya moto pana bolti."

"Palikuwa na tundu. Boke alilizibia bolti."

"Hapo panakaaga plagi ya madini ya risasi," Leodgar alisema polepole. "Maji yakipungua, risasi inayeyuka, mvuke unashuka kuzima moto. Bila hiyo, paa la tanuri linaungua, na boila inakufa. Au inapasuka."

Hamduni alivua miwani, akaifuta kwa shati. Hakujitetea. Miaka tisa, na hakulijua hilo. "Hicho ndicho ninachokihitaji," akasema. "Moto wa karabai naujua. Huu siujui. Nitaweka risasi. Lakini siku ya Butiama nataka mikono yako, mzee. Mimi nimemaliza kuliunda, ila sijui kuliendesha, na likiungua sina miaka tisa mingine."

Leodgar alitazama chai yake. Kama angekuwa mtu wa kusema kweli siku hiyo, angesema hapana.

Maana kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Suguti walijua alistaafu akiwa dereva, kwa heshima. Mkewe Esta, aliyebaki kijijini na mashamba miaka yote ile, akimwona likizo kwa likizo, alijua hivyohivyo. Lakini mwaka 1979, karibu na Malampaka, akiwa na mabehewa kumi na manane ya pamba nyuma yake, Leodgar alikitazama kioo cha maji, lile bomba la kioo linalomwonyesha dereva maji yaliyomo ndani ya boila, akaona nusu, akaridhika. Kilionyesha nusu kituo hadi kituo. Kumbe njia ya chini ya kioo ilikuwa imeziba, na nusu ile ilikuwa maji yaliyonaswa tu, hayana habari na boila. Risasi iliyeyuka. Moto ulizimika, garimoshi likasimama porini, na abiria wa treni iliyofuata walilala njiani. Hakuna aliyekufa. Yeye aliteremshwa kwenye mashine akawekwa kulinda stoo ya mataruma ya reli, miaka mitatu, mpaka alipostaafu. Kofia tu ndiyo aliyoondoka nayo.

"Nitaliendesha," akasema. Hakujua kama aliyesema ni yeye au kofia.

Kwanza walikwenda Bunda, kwa Alfonsi, mtunza boila wa kinu cha pamba, mwenye pampu na geji ya kuaminika ya kupimia presha. Boila inayofanya kazi kwa presha ya ratili themanini hujaribiwa kwa mara mbili yake, na hujaribiwa kwa maji baridi, ili ikishindwa itoe mchirizi isitoe maiti. Alfonsi, mtu wa maneno mengi, aliisukuma pampu akihesabu kwa sauti. Alipofika mia alinyamaza. Alipofika mia na sitini aliacha pampu, wote watatu wakakaa kuitazama sindano nusu saa, kama watu waliokaa na mgonjwa. Sindano haikusogea hata unywele. Alfonsi alizunguka boila na kipande cha gazeti kikavu, akikipitisha kwenye kila kiungo alichochomea Hamduni. Gazeti lilirudi kavu.

"Ulichomea na kitu gani hapa?"

"Fedha. Vikuku vya marehemu mama yangu, nikachanganya na shaba ya kitasa."

Alfonsi alimtazama Leodgar. "Sisi hapa boila yetu inavuja tangu mkoloni," akasema, "na huyu anatengenezaga karabai."

Wiki zilizofuata Leodgar alikuwa Iringo karibu kila siku. Aligundua kwamba kumalizia ni kazi kuliko kuanza. Hamduni alipiga msasa bati lililokwisha kupigwa msasa. Alipaka rangi, akaiacha ikauke siku tatu, akaikwangua yote kwa sababu unyoya mmoja wa kuku uliganda mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Alimuuliza Leodgar rangi halisi ya magarimoshi ya reli, na Leodgar akasema damu ya mzee, lakini si damu ya mzee yoyote. Ile inayokaribia weusi kivulini na kuwaka juani. Walichanganya makopo manne yaliyotoka Sirari mpaka Leodgar akasema, "Hapo." Akatoka nje kupenga kamasi, akisingizia harufu ya rangi.

Alipata pia kuona jinsi Hamduni alivyomheshimu marehemu. Penye alama ya tupa ya Bernado, hata ikiwa imekwaruza, hakuigusa. "Hapa ni mkono wake," alikuwa akisema. "Mimi nimalizie pasipo na mkono wa mtu." Na kwenye kibati cha shaba cha ubavuni, mahali ambapo fundi huandika jina lake, aliandika BERNADO – BUNDA, basi.

"Na lako?" Leodgar aliuliza.

"Langu liko kwenye ripiti mia nne."

Aliweka plagi ya risasi. Leodgar akaongeza jambo moja: chini ya tanuri kuwe na pini ndefu, ambayo ukiivuta, wavu wa moto unaanguka na makaa yote yanamwagika chini kwa mkupuo. Hamduni aliitengeneza bila kuuliza kwa nini.

Siku ya Butiama ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Reli ilikuwa mapande ya chuma bapa yaliyosimamishwa juu ya vigogo vifupi, usawa wa goti, mita hamsini kwenda na hamsini kurudi, katika uwanja wa Boke kando ya njia ya ng'ombe. Watu walikuwa wengi kuliko mnadani. Watoto wanne wa Bernado walikuja wote, kila mmoja akitafuta fungu lake. Yule mkubwa alilitambua gurudumu lililokuwa nanga yake kwa pengo dogo, akaanza kuwaonyesha watu. Esta alikuja kutoka Suguti na majirani, akakaa mbele kabisa, kitenge kipya. Boke alisimama na mikono kiunoni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Fundi," alimwambia Hamduni, "kipipa changu umekivisha suti."

"Nimekirudisha, dada Boke, kama nilivyoahidi."

"Na kinakunywaga nini siku hizi?"

"Maji tu."

"Maskini," Boke akasema, na watu wakaangua kicheko.

Leodgar aliwasha moto kwa mkaa wa mti mgumu. Alikaa kwenye kitoroli kidogo nyuma ya mashine, magoti karibu na masikio, kofia kichwani. Geji ilipanda: ishirini, arobaini, sitini. Kisha akavuta filimbi. Haikuwa sauti ya mwanasesere. Ng'ombe waliokuwa njiani waliinua vichwa, na pale walipokaa watu wa Suguti, mzee mmoja alimgeukia Esta akamwambia jambo. Leodgar aliona midomo yake tu, na akaona Esta akiinua kidevu.

Akafungua mvuke. Garimoshi la Bernado lilipiga pumzi moja, nzito, nyeupe, halafu ya pili, halafu likaondoka kana kwamba limekuwa likifanya hivyo tangu mwaka 1959. Hamduni alikuwa akitembea kando yake, mkono mmoja umenyooshwa, kama mtu anayemfuata mtoto anayeanza kutembea. Machozi yalikuwa yanateremka mpaka kwenye waya wa miwani.

Leodgar alikwenda na kurudi mara tano, kila mara akivuta watu wawili au watatu: Masatu, Dorkas, diwani, mwalimu. Kioo kilionyesha nusu. Kila alipofika mwisho wa reli alikitazama, na kilionyesha nusu, kwa hiyo hakugusa pampu. Boke alikuwa amesubiri makusudi awe wa mwisho katika zamu ya kwanza, awe peke yake. Alikunja kanga, akaweka mguu kwenye kitoroli.

Hapo Leodgar akakitazama kioo tena.

Lilikuwa jambo dogo. Maji kwenye kioo hayakuwa yanacheza. Katika mashine inayotembea, maji ya kwenye kioo hayatulii. Hupanda na kushuka, hutetemeka, kama maziwa kwenye ndoo iliyobebwa kichwani. Haya yalikuwa yametulia kimya. Na alikumbuka, kwa uwazi wa kutisha, kwamba yale ya Malampaka yalikuwa yametulia vilevile, naye alikuwa ameyafurahia, akafikiri ni kwa sababu njia ni nzuri.

"Shuka, mama," akasema.

"Nishuke nimepanda?"

"Shuka."

Uwanja mzima ulikuwa unatazama. Hamduni alikuja mbio. "Kuna nini? Kioo kina nusu, mzee. Presha iko sawa. Mwache apande, ndiye mwenye sharti."

Leodgar aliwatazama watu wa Suguti. Aliona wanachokiona: dereva wao, siku moja katika maisha yake waliyomwona kazini, anaogopa. Angeweza kwenda safari moja tu. Mita hamsini kwenda, hamsini kurudi. Labda risasi ingevumilia.

Akaingiza mkono chini, akavuta pini.

Wavu ulianguka, na moto wote ukamwagika majanini. Moshi ukapanda. Mtu mmoja nyuma alizomea, wengine wakadakia. Hamduni alisimama akitazama makaa yaliyotapakaa, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa kofi na rafiki.

"Umelizima," akasema. "Mbele ya Boke."

"Fungua kibomba cha chini ya kioo."

Hamduni alichuchumaa, akakifungua. Kingetoa maji kwa nguvu, kama yangekuwa maji yenye boila nyuma yake. Kilitoa matone matatu, halafu uchafu mdogo wa rangi ya kahawia, kama ukoko wa uji, halafu hakuna kitu. Kioo kikabaki kitupu.

Walisubiri presha ishuke yote. Hamduni akafungua kifuniko cha juu, akazamisha spoki kama anayepima mafuta ya pikipiki, akaitoa. Ilikuwa imelowa kwenye ncha, upana wa ukucha. Chini ya ukucha huo ndipo paa la tanuri lilipokuwa. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa.

Boke aliinama, akachukua ule ukoko kwa kidole, akaunusa. "Muhogo," akasema. "Muhogo wangu wa mwaka themanini na mbili huu." Safari hii hakuna aliyecheka. "Ningepanda, ingekuwaje?"

"Ungefika nusu njia," Leodgar alisema. "Garimoshi la baba yako lisingerudi."

Hamduni alisimama, akamshika Leodgar mkono kwa mikono yake yote miwili. "Umejuaje? Kioo kilikuwa kinakuambia nusu. Mimi ningekiamini mpaka kiama."

Na Leodgar, mbele ya Suguti nzima na Butiama, akavua kofia. "Nilikiamini mimi," akasema. "Malampaka, mwaka sabini na tisa. Nikayeyusha risasi. Wakaniteremsha. Miaka mitatu ya mwisho sikuwa dereva. Nilikuwaga mlinzi wa stoo."

Esta aliinuka pale mbele, akajikung'uta majani, akaja polepole mpaka kwenye reli.

"Baba Jeska," akasema, "likizo zile tatu za mwisho, ovaroli ulizoniletea nifue zilikuwa hazina mafuta. Nilikuwa nafua vumbi tupu. Uliona nimekuuliza?"

"Hapana."

"Basi. Watu wanataka kupanda."

Hamduni alikuwa tayari anaizibua njia ya kioo kwa waya wa kuzibulia karabai, ule mwembamba kama unywele ambao hakuna fundi mwingine duniani angekuwa nao mfukoni siku hiyo. Alitoa ukoko mwingine, na mwingine. Aliosha kwa maji ya moto mara tatu mpaka yakatoka meupe. Masatu na kaka yake walikusanya makaa kwa koleo. Leodgar akawasha tena. Mtu aliyezomea alileta mkaa mkavu kutoka kwake, akauweka chini.

Jua lilikuwa bado juu kidogo ya vilima Boke alipopanda. Alikaa wima, kanga imekunjwa magotini, mikono imeshika ubao kama anayekwenda kanisani. Filimbi ikalia. Walipofika katikati ya uwanja alimgusa Leodgar begani.

"Kinaenda," akasema kwa sauti ndogo, isiyo ya kuita ng'ombe. "Miaka kumi na miwili nilikuwa nakipikia, kumbe kinaendaga."

Leodgar hakugeuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye pampu, na macho yake yalikuwa kwenye kioo, ambamo maji yalikuwa yakipanda na kushuka, yakitetemeka.